Je, Wajua? Baiskeli Barabarani, Kibera hadi Kawangware

Je, wajua kwamba boda boda za kwanza zilikuwa baiskeli? Hakuna injini, hakuna petroli! Miaka ya 1960 vijana wa Busia walivusha abiria na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda kwa nguvu za miguu tu. Pikipiki zimekuja juzi.

Na barabara nzuri, wadhani zilidaiwa kwanza na wenye magari? Wapi! Mwaka 1880 waendesha baiskeli wa Marekani waliunda chama, wakaanza kudai barabara zitengenezwe. Mvumbuzi Karl Benz alipata hataza ya gari lake baadaye, mwaka 1886. Dereva akikupigia honi utoke "barabarani kwake", mkumbushe hilo. Kwa upole, lakini.

Sikia hii! Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemnoa ni Mkenya, David Kinjah, kule Kikuyu, si mbali na Kawangware. Na mwaka 2006 Froome alivaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne.

Kutoka Kibera hadi katikati ya jiji ni karibu kilomita 7. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, nusu saa haiishi. Waulize walio ndani ya matatu Ngong Road jioni wamekaa muda gani!

Sasa niambie: mlango wa matatu uko upande gani? Kushoto. Na wewe mwenye baiskeli wapitia wapi? Kushoto vilevile! Matatu ikianza kuvuta pembeni pale Kawangware 46, usijipenyeze kati yake na ukingo. Makanga huruka kabla gurudumu halijasimama, na abiria humfuata bila kutazama nyuma. Subiri kidogo, kazi haitakukimbia.

Wapo wanaoapa kwamba ni salama zaidi kuendesha ukiyakabili magari. Haya, piga hesabu nami. Wewe unakwenda kilomita 15 kwa saa, matatu 50. Ikitokea nyuma, inakukaribia kwa 35. Uso kwa uso? 65! Anayetembea kwa miguu ndiye ayatazame magari. Wewe fuata mkondo.

Na hiyo kilomita 50 kwa saa si mchezo: ni karibu mita 14 kila sekunde. Umeinamia simu kidogo? Gari limefika.

Lori nalo lina siri yake. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Kaa nyuma, achana naye.

Wajua nani ni wengi barabarani Nairobi? Si magari, ndugu yangu. Karibu safari 4 kati ya kila 10 hufanywa kwa miguu! Kwa hiyo ukipita kando ya Toi Market, kengele ipige mapema na mwendo uupunguze. Mama aliyebeba gunia la nguo kichwani hawezi kukukwepa, mkwepe wewe.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi iliweka sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wanaotembea na wenye baiskeli. Shilingi 20 katika kila 100! Ukikuta njia ya baiskeli imegeuzwa maegesho, una haki ya kununa.

Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali. Afrika haikuwahi kuyaandaa kabla ya hapo!

Mwisho, hii ishike. Usiku, dereva humwona aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita kama 30 tu mbele yake. Mwenye reflekta huonekana kutoka mita 150. Kwa gari la kilomita 50 kwa saa, hiyo ni tofauti kati ya sekunde 2 na zaidi ya 10! Basi kabla ya kurudi nyumbani leo, pitia kwa fundi akufungie reflekta nyuma, na kengele mbele.