Marburg: Kwa Nini Damu Hupimwa, na Kwa Nini Kipimo Hurudiwa Baada ya Saa 72

Homa inapompata mkazi wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, ugonjwa wa kwanza kudhaniwa ni malaria. Dhana hiyo ina msingi, kwa kuwa malaria ni ugonjwa uliozoeleka katika ukanda wa Ziwa Victoria. Hata hivyo, milipuko miwili ya ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani humo imedhihirisha kuwa dalili za mwanzo pekee hazitoshi kumtambua mgonjwa.

Mlipuko wa kwanza nchini ulitangazwa na Wizara ya Afya tarehe 21 Machi, 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba. Mgonjwa aliyedhaniwa kuwa wa kwanza alikuwa ametoka Kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, 2023, wagonjwa 9 walikuwa wameorodheshwa, 8 kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara. Watu 6 walifariki dunia.

Mlipuko wa pili, uliotokea Biharamulo, wilaya inayopakana na Muleba, ulitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Januari, 2025, baada ya sampuli kupimwa katika maabara ya Kabaile mkoani Kagera na kuthibitishwa Dar es Salaam. Wagonjwa wote 10 waliohesabiwa walifariki dunia, lakini waliothibitishwa na maabara ni 2 tu. Wengine 8 walifariki kabla mlipuko haujathibitishwa.

Damu hueleza nini

Kwa magonjwa ya njia ya hewa kama mafua makali na UVIKO-19, sampuli huchukuliwa puani au kooni, kwa kuwa ndiko virusi huzaliana zaidi. Virusi vya Marburg husambaa mwilini kwa njia ya damu. Kwa sababu hiyo mgonjwa hutolewa damu mshipani, kisha maabara hutumia kipimo cha PCR, ambacho hutafuta vinasaba vya virusi na kuvizidisha mara nyingi hadi vionekane.

Kipimo hiki kina sharti la muda. Katika siku za mwanzo virusi huweza kuwa vichache mno kwenye damu, na majibu yakaonesha kuwa mgonjwa hana maambukizi ilhali anayo. Ndiyo maana mtu mwenye dalili ambaye sampuli yake ilichukuliwa kabla ya kutimia saa 72 tangu aanze kuugua, na majibu yakawa hasi, hupimwa tena baada ya muda huo kupita. Kurudiwa kwa kipimo hakumaanishi kuwa maabara imekosea.

Vilevile, kukutwa na malaria hakuondoi uwezekano wa Marburg, kwani mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Wajibu wa mwananchi

Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi. Miongoni mwake ni homa kali ya ghafla, maumivu ya kichwa na misuli, uchovu, kutapika, kuharisha na, kwa baadhi ya wagonjwa, kutokwa na damu. Watu waliotangamana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21.

Ugonjwa huambukizwa kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa na mtumishi wa afya aliyevaa vifaa kinga, na hufungashwa kwa tabaka tatu kabla ya kusafirishwa. Mwenye dalili hapaswi kujitibu nyumbani kwa dawa za malaria na kusubiri. Aende mapema katika kituo cha kutolea huduma za afya na kueleza amesafiri wapi na amemhudumia nani.

Taarifa za mgonjwa anayeshukiwa zitolewe kwa kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.