Tembe ya Kwihara na Swali la Nafsi



Wapendwa wasikilizaji, kilomita chache kutoka mjini Tabora, huko Kwihara, ipo tembe inayotembelewa na wageni wa mataifa mengi. Mahali hapo ndipo David Livingstone alipokaa mwaka 1872, kabla ya safari yake ya mwisho. Tembe ya kale ilibomoka, kama ilivyo desturi ya udongo na miti. Ile tunayoiona leo ilijengwa upya katika karne ya 20. Hata hivyo sote twaiita tembe ya Livingstone. Je, ni ile ile, au ni nyingine? Wenye hekima wa Asia waliuliza swali kama hili juu ya mwanadamu mwenyewe, nasi tungependa kulitafakari pamoja nanyi leo.

Wengi hudhani kwamba Wabudha ni watu wa mbali sana nasi. Kumbe huko Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lao, lililoanzishwa enzi za ukoloni na wahamiaji kutoka Sri Lanka. Yafaa basi tujue majirani hawa wanafundisha nini.

Mwalimu wao, Siddhartha Gautama, aitwaye Buddha, yaani aliyeamka, alihubiri kaskazini mwa India karne kadhaa kabla ya Kristo. Alifundisha kwamba kila kitu kilichofanyika kwa kuunganishwa na vingine hubadilika, na mwisho hutawanyika. Mwanadamu naye, alisema, ni muungano wa mambo matano: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia, na fahamu. Yote matano huja na kupita. Ukiyachunguza moja moja, huoni hata moja unaloweza kulishika na kusema: hili ndilo mimi, nisiyebadilika kamwe.

Wazee wetu Wanyamwezi, mabingwa wa upagazi, wangalielewa upesi. Msafara ulitoka Ujiji, ukapumzika Unyanyembe, kisha ukashika njia ya Bagamoyo, mwendo wa miezi mingi. Njiani wapagazi wengine waliugua, wengine walitoroka, wengine waliishia kwao, na wapya wakapokea mizigo. Pengine hata kirangozi aliyewatangulia alikuwa mwingine. Hata hivyo watu wa pwani walisema: msafara wa fulani umefika. Jina lilibaki, ingawa waliofika hawakuwa wote walioondoka. Mbudha husema kwamba hata nafsi tunayoiita “mimi” ni mwendo wa namna hiyo.

Buddha hakufundisha haya ili kuwatega watu kwa mafumbo. Alikusudia kuponya mateso, maana aliona kwamba tunakishika kinachopita kana kwamba ni chetu milele, na kinapotuponyoka twaumia na kuumizana. Je, sisi hatuyajui hayo? Tunawajua ndugu wa tumbo moja wanaoshtakiana kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba yao, nao Jumapili hukaa katika kanisa moja bila kusalimiana. Wako wapi leo matajiri waliorundika pembe za ndovu hapa Tabora? Reli ilifika mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na njia yao kuu ikaota majani.

Hata kitabu cha Mhubiri chatuonya kwamba mambo ya dunia ni ya kupita, naye Mtume Paulo aliulinganisha mwili wetu na hema. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitambua kwamba Wabudha wameona upungufu wa ulimwengu huu unaobadilika, na kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo.

Lakini, ndugu makatekista, tuwe waaminifu pande zote mbili. Msiwafundishe waamini kwamba kwa Wabudha mtu si kitu. Buddha mwenyewe alikataa kusema kwamba kifo hufuta yote na matendo hayana matunda. Wala msiseme kwamba mafundisho yetu ni mamoja. Sisi twakiri roho isiyokufa, iliyoumbwa na Mungu, na ufufuko wa mwili. Wao hawakiri hivyo.

Tofauti hiyo si ndogo hapa kwetu. Njia ile ile ya wapagazi ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo. Wengi walianguka njiani, bila kaburi, bila hata mtu wa kuyataja majina yao. Ni nani atakayewaita? Mbudha atatujibu kwamba huruma kwa kila kiumbe ni wajibu, na jibu hilo twaliheshimu. Imani yetu yaongeza neno moja: kila mmoja wao anajulikana kwa Mungu kwa jina lake. Tembe ya Kwihara yaitwa ile ile kwa sababu watu wanaikumbuka, na watu husahau. Mungu hasahau.

Basi, wapendwa, tufanye mambo mawili juma hili. Kwanza, kila mmoja wetu atafute kitu kimoja anachokishika kwa nguvu, shamba, cheo au kinyongo, ajiulize kitakuwa cha nani baada ya miaka 50. Na ikiwa kimemtenga na ndugu yake, aende akapatane naye. Pili, katika sala ya jioni tuwaombee marehemu wa njia ya msafara ambao hakuna awaombeaye.

Bwana, aliyetuita kwa majina yetu, atuongoze njiani hadi tufike kwake. Amina.