Paka: mlinzi wa ghala tangu enzi za Mafarao

Na Mwandishi Wetu, Njombe

LUPEMBE inajulikana zaidi kwa chai, lakini kinachojaza sufuria ni mahindi. Mkulima akishavuna huwa na hesabu yake: haya ya kula, haya ya ada ya shule, na haya yasubiri bei ipande ndipo yapelekwe Makambako. Anayevuruga hesabu hiyo mara nyingi ni panya.

Gunia likitobolewa, hasara si mahindi yaliyoliwa tu. Mengine humwagika, mengine huchafuliwa kwa mkojo na kinyesi, na mnunuzi akiyaona hushusha bei au huyakataa kabisa. Makadirio ya watafiti yameonyesha kuwa panya huitia Tanzania hasara ya kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kwa mwaka. Panya shamba mmoja huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, baada ya mimba ya wiki tatu hivi.

Tatizo hili ni la zamani. Wanaosoma Biblia wanakumbuka habari za Yusufu na maghala ya Farao. Utajiri wa Misri ya kale ulikuwa ngano na shayiri za bonde la Nile, na hata vibarua walilipwa ujira kwa nafaka. Penye nafaka pana panya, na penye panya paka pori hakosi kufika.

Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wote wa kufugwa duniani wanatokana na paka pori wa Mashariki ya Kati. Huko kilimo kilianza miaka 10,000 hivi iliyopita. Hakuna aliyemtega paka na kumfunga kamba. Alifuata panya kwenye ghala, na mkulima akaona faida yake.

Wamisri walimwita paka “miu”, jina lisilo mbali na mlio wa “nyau” tunaoujua sisi. Wachoraji wao walimchora ameketi chini ya kiti cha mama mwenye nyumba. Mungu wao wa kike Bastet alichorwa na kichwa cha paka. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasema paka akifa nyumbani, watu wa nyumba hiyo walinyoa nyusi kuomboleza. Naye Diodorus aliona Mrumi mmoja akiuawa na umati kwa kosa la kuua paka, ingawa maofisa wa mfalme walijaribu kumwokoa.

Hata hivyo, heshima hiyo ilikuwa na upande wa pili. Paka wengi walifugwa ili wauawe na kukaushwa wawe sadaka. Mwaka 1890, tani 19 hivi za mizoga hiyo mikavu zilifikishwa Liverpool, Uingereza, na nyingi zikasagwa kuwa mbolea ya mashamba.

Je, sisi tunamtunzaje mlinzi huyu? Wapo wanaomfukuza wakimhusisha na uchawi, hasa akiwa mweusi. Wapo wanaomnyima chakula wakidhani njaa itamfanya awinde zaidi, kumbe hutangatanga na kuiba mboga za jirani. Paka aliyeshiba kiasi bado huwinda, na hubaki nyumbani.

Kosa kubwa zaidi ni sumu. Panya aliyekula sumu hulegea, paka humkamata kwa urahisi, naye hufa. Panya waliobaki huzaliana bila hofu. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Anayefuga paka atumie mitego badala ya sumu.

Lakini paka peke yake hatoshi. Utafiti uliofanyika vijijini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kuwa panya walipunguza kutafuta chakula kwenye kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja. Kaya zenye mmoja tu kati ya hao hazikuonyesha tofauti kubwa na zile zisizo na mnyama yeyote.

Kwa hiyo kihenge kiinuliwe, miguu yake ifungwe bati la kuzuia panya kwenye kimo cha mita 1 hivi. Matawi yanayogusa paa yakatwe, na magunia yasibanane na ukuta. Nafaka ifunikwe, kwani kinyesi cha paka nacho kina vimelea vya hatari, hasa kwa mama mjamzito. Paka na mbwa wapelekwe kwa ofisa mifugo wapate chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mkulima wa Lupembe hana haja ya kunyoa nyusi paka wake akifa. Inatosha kumhesabu kama jembe na panga: ni kifaa cha kazi, na kifaa hutunzwa. Gunia litakalofika Makambako bila tundu ndilo litakalolipa gharama ya kumtunza.