Sarafu za susu: zina fedha ngapi, na nani anataka kukulia pesa?

Wateja wetu wa upande wa Ikutha, Mutomo na Kibwezi wanatuuliza swali moja: ile sarafu yenye picha ya simba aliyoacha susu, ni kweli mtu anainunua kwa laki tano? Tujibu polepole, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna ukweli kidogo na utapeli mwingi.

Ukweli ni huu. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa kuanzia 1921 hadi 1946 ina madini ya fedha asilimia 25. (Kiswahili chenyewe kinaita pesa na madini jina moja, fedha, kwa hivyo msikilize vizuri anayekupigia.) Wakamba wengi walipigana kwenye King's African Rifles na kulipwa kwa shilingi hizo, ndiyo maana bado zinapatikana kwenye masanduku ya nyumbani.

Angalia mwaka ulioandikwa. Ukiona 1948 au baadaye, hakuna fedha humo. Ni shaba na nikeli. Ati utumie sumaku? Haisaidii, kwa sababu sumaku haivuti yoyote kati ya hizo mbili. Zile senti zenye tundu katikati, za miaka ya 1920 kuendelea, ni shaba tu. Na shilingi 40 ya 2003, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, inayotajwa sana na hao wanunuzi? Haina fedha pia.

Sasa hesabu. Shilingi moja ya zamani ina uzito wa gramu 7.78 hivi. Robo yake ni fedha, yaani gramu 1.9. Sonara hupima kwa wakia, gramu 31.1, kwa hivyo unahitaji sarafu 16 kupata wakia moja. Tuseme siku hiyo wakia inauzwa Sh4,800: kila sarafu ina fedha ya Sh300, na anayeyeyusha atakata chake. Rupia ya fedha iliyotumika kabla ya 1920 ndiyo nzito, karibu gramu 10.7 za fedha. Hata robo dola ya Marekani ya 1964, yenye fedha asilimia 90, haifiki gramu 6.

Mkusanyaji wa sarafu anaweza kulipa zaidi kwa mwaka adimu au sarafu safi ambayo haijachakaa. Usiisugue kwa majivu wala stilwulu, utaishusha bei. Lakini kutoka mia tatu hadi laki tano ni mbali mno.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Unatuma picha kwa WhatsApp, unasifiwa, halafu unaambiwa utume kwanza Sh1,500 ya "usajili". Ukituma, inakuja ya "cheti", kisha ya "usafiri wa wakala". Mnunuzi wa kweli hakudai wewe pesa. Yeye ndiye anayenunua, si ndiyo? Wengine hutuma SMS bandia ya malipo, sarafu inaondoka na salio lako liko vilevile. Usiamini ujumbe, fungua menyu ya simu yako uangalie salio kabla ya kutoa chochote mkononi. Na PIN haihitajiki kupokea pesa, hata kidogo.

Kama umeshatuma, tupigie simu mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa kwa wakala. Hifadhi nambari yake na ule ujumbe wa muamala, kisha uripoti polisi.