Sinema au picha ya ukutani: ipi inafundisha vizuri?



Tangu Oktoba 2005, wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, watu wengi wa Fizi wamepata mafunzo kwa njia ya picha. Nyingine ni sinema, nyingine ni picha zilizochorwa na kubandikwa ukutani. Wengi wanafikiri kwamba sinema inashinda siku zote. Sivyo.

Mwaka 2002, Barbara Tversky na wenzake wawili walipitia tafiti nyingi. Waliona kwamba, mafunzo yakiwa sawa, picha zenye mwendo mara nyingi hazikuwashinda wanafunzi wa picha zilizotulia. Sababu ni kwamba mwendo hupita haraka. Ambaye hakuelewa hawezi kurudi nyuma. Mwaka 2007, watafiti Höffler na Leutner walionyesha upande wa pili: mwendo unasaidia sana pale mtu anapojifunza kazi ya mikono.

Mfano ni kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara kando ya Ziwa Tanganyika. Namna ya kunawa mikono, au kuchanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, inaeleweka vizuri mtu akiona mikono ikifanya kazi. Lakini vipimo vyenyewe vichorwe na kubaki ukutani, ili mama avitazame tena mtoto akiugua.

Ugomvi wa shamba ni jambo jingine. Familia inarudi na kukuta wengine wanalima pale. Sinema inaonyesha ugomvi na suluhisho kwa dakika chache, na watu wanaondoka wakisifu mchezaji. Picha moja iliyotulia inawapa nafasi ya kubishana kwa amani.

Viongozi, fanyeni hivi:

- Onyesheni picha mchana, ili akina mama na wazee wafike bila hofu ya usiku.
- Ulizeni: Mnaona nini? Kwa nini imetokea? Na kwetu je?
- Mkiwa na sinema, isimamisheni kabla ya mwisho, watu watafute suluhisho wenyewe.
- Kagueni kwanza: mkosaji asionekane ni mtu wa kabila fulani. Picha moja mbaya inaweza kuamsha chuki iliyolala.

Sinema inakusanya watu. Picha iliyotulia inawafanya wazungumze. Na amani inahitaji mazungumzo.