Kamera Inagoma Leo, Kesho Iko Poa: Usikimbilie kwa Fundi na Hela Mkononi

Leo naongea na wale wenye kastudio kadogo kama mimi: picha za pasipoti, za familia, na pembeni una mashine ya fotokopi.

Kamera ikifa kabisa ni afadhali, unajua imekufa. Shida ni ile inayogoma leo halafu kesho iko poa. Yangu ilinizingua hivyo karibu miezi miwili.

Jumamosi moja akaja mama na familia yake, watu tisa, mtoto katoka kupata kipaimara. Bibi yao katoka kijijini, alfajiri anapanda basi kurudi. Nimewapanga vizuri, nabonyeza, kamera inaandika haiwasiliani na lenzi. Nazima, nawasha, inapiga moja ya ukungu, inagoma tena. Nusu saa nzima. Bibi akachoka kusimama. Nikawarudishia elfu kumi na tano yao wakaondoka.

Jumatatu nikaenda kwa fundi. Kwake ikapiga picha kama arobaini bila kugoma hata mara moja! Akasema tubadilishe shata, laki na themanini. Hela nilikuwa nayo, lakini ni ya kodi ya fremu. Nikamwambia, kaka nipe wiki moja.

Nikanunua daftari la mia tano. Kila ikigoma naandika: saa ngapi, betri ipi, kadi ipi, picha ya aina gani, lenzi iko namba ngapi. Na kila siku nabadilisha kitu KIMOJA tu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua kilichoponya.

1. Betri. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha imejaa, ukipiga picha chache inaanguka ghafla. Jaribu nyingine. Hakikisha pia mlango wa betri na wa kadi umefunga vizuri, usipofunga sawasawa kamera nyingi zinagoma.

2. Kadi. Hamisha picha zote kwanza, ndo ufomati, tena humo humo ndani ya kamera, sio kwenye kompyuta. Ikiendelea, jaribu kadi nyingine.

3. Vidoti vya dhahabu. Zima kamera, toa lenzi, futa vile vidoti vya kwenye lenzi na vya kwenye kamera kwa kitambaa laini kikavu. Mdomo wa kamera uangalie chini ili vumbi lisiingie. Usiguse kioo cha ndani.

4. Lenzi. Azima ya mwenzako inayoingia kwenye kamera yako, fanya nayo kazi siku nzima.

Mimi namba moja mpaka tatu hazikusaidia. Ila daftari likaongea. Picha za pasipoti navuta lenzi mpaka 50, haikugoma hata siku moja. Picha za watu wengi narudisha mpaka 18, ndipo inagoma. Kumbe ndo maana kwa fundi ilipiga, alikuwa anapiga sura yangu tu! Nikaazima lenzi ya jirani, siku nzima kimya.

Nikarudi kwa fundi na daftari. Akafungua lenzi, ule waya mwembamba bapa wa ndani umechanika kidogo, ukikunjwa upande mmoja unaachia. Elfu thelathini na tano. Shata nzima kabisa.

Onyo: usifungue kamera mwenyewe. Sehemu ya flashi inatunza umeme hata ukitoa betri, utapigwa shoti.

Yule mama hajarudi mpaka leo, na simlaumu. Mteja hajui waya wala shata, anajua bibi yake hakupata picha. Siku hizi kabla ya kazi ya familia napiga picha tano za majaribio, lenzi kwenye 18, 35 na 55, wateja hawajafika.

Yako inagoma wakati gani? Andika kwenye komenti, tusaidiane.