Unapomwombea Kijana Asiyeshika Kitabu

Ndugu msomaji, bila shaka sala hii unaifahamu. Ni saa tatu za usiku, chakula kimekwisha kuliwa, na familia nzima imekusanyika sebuleni kusali kabla ya kulala. Baba anaanza kwa kushukuru, anawaombea wagonjwa na wasafiri, kisha sauti yake inabadilika. Anamwomba Mwenyezi Mungu amwangalie huyu kijana aliyelipiwa ada naye akashindwa kushika kitabu. Kijana ambaye macho yake hayabanduki kwenye simu. Kijana ambaye Jumapili iliyopita alidai kichwa kinamuuma hata asiende kanisani, na baada ya saa moja akaonekana uwanjani akicheza mpira. Wadogo zake wanafumbua jicho moja kumtazama. Wote wanaitikia "Amina", isipokuwa yule aliyeombewa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo haikuwa sala. Lilikuwa karipio lililopitishwa kwa Mungu ili lisiweze kujibiwa.

Kila mwaka, Novemba inapokaribia na vijana wa Kidato cha Nne wanapojiandaa kwa mtihani wa Baraza la Mitihani, sala za namna hiyo huongezeka katika nyumba za Wakristo mijini. Makanisa nayo huwa na ibada za kuwaombea watahiniwa, na kwa jirani Mwislamu dua husomwa. Hayo ni mema. Lakini mzazi aombe nini hasa? Yuko mama mmoja aliyeomba kwa ajili ya mwanawe kwa miaka mingi, na habari zake zafaa kusimuliwa upya.

MAMA WA THAGASTE

Mwaka 354, katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras nchini Aljeria, alizaliwa mtoto aliyeitwa Augustino. Ni Afrika hii hii yetu, ingawa wakati huo pwani ya kaskazini ilitawaliwa na Dola ya Roma. Baba yake, Patrisi, hakuwa tajiri, tena hakuwa Mkristo hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Lakini alikuwa na hamu kubwa ya kumsomesha mwanawe. Mama yake, Monika, alikuwa mtu wa sala.

Augustino mwenyewe ndiye aliyeeleza habari za ujana wake katika kitabu cha Maungamo, alichokiandika akiwa tayari Askofu wa Hippo. Anakiri kwamba alipenda mchezo kuliko masomo, na Kigiriki alikichukia. Shuleni alichapwa. Akiwa bado mdogo alimwomba Mungu kwa moyo wote amwepushe na viboko vya mwalimu, na watu wazima, hata wazazi wake, wakamcheka.

Naomba tusimame hapo kidogo. Ni mara ngapi sisi tumemwuliza kijana wetu yeye mwenyewe anamwomba Mungu nini? Labda anaomba mwalimu wa hisabati apewe uhamisho. Hiyo nayo ni sala, na ndani yake mna habari ambayo mzazi haipati katika ripoti ya shule, yaani kwamba mtoto anaogopa.

Alipofikisha miaka 16 fedha zilipungua, akakaa nyumbani mwaka mzima bila shughuli. Ndipo yeye na wenzake walipokwenda usiku kuiba matunda, wala si kwa njaa, maana mengi waliwatupia nguruwe. Mzazi wa Manzese au Kariakoo hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Baadaye alipelekwa Carthage, karibu na Tunis ya leo. Huko alivutwa na michezo ya kuigiza, akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, na kwa miaka tisa hivi akawafuata wafuasi wa Mani, madhehebu yaliyotokea Uajemi.

Lakini angalia, msomaji: wakati huo huo alikuwa mwanafunzi wa mbele kabisa darasani. Masomo yalipanda, imani ikashuka. Wengi wetu huyaomba mambo hayo mawili kana kwamba ni moja, tukidhani cheti kizuri ni ushahidi wa moyo mwema.

Kwanza Monika alikasirika, akakataa kuishi naye na kula naye meza moja. Kisha, baada ya ndoto iliyompa matumaini, akamrudisha mezani. Alimwendea askofu mmoja, aliyepata kulelewa katika madhehebu yale yale, akamsihi abishane na mwanawe. Askofu alikataa. Kijana, alisema, bado hafundishiki. Mama amwache na amwombee, naye kwa kusoma kwake atauona upotofu mwenyewe.

Mwaka 383 Augustino aliazimia kwenda Roma. Sababu mojawapo, na walimu watafurahi kuisikia, ni kwamba wanafunzi wa Carthage walikuwa wakorofi mno. Alipofika Roma akakuta wapole, ila walikuwa na desturi ya kumtoroka mwalimu ada inapodaiwa. Monika alimng'ang'ania asiondoke. Akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, na mama alipokuwa akisali usiku karibu na bandari, mwana akasafiri. Alichokiomba usiku ule hakukipata. Hata hivyo ni safari hiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, aliyembatiza Pasaka ya mwaka 387. Monika, aliyekuwa amemfuata ng'ambo ya bahari, alifariki mwaka huo huo akiwa na miaka 56.

TAA NA MKEKA

Mzazi anayeomba mwanawe apate utulivu huku televisheni ikinguruma, na simu yake mwenyewe ikiwa mkononi, anamwachia Mungu kazi ambayo angeweza kuimaliza kwa kubonyeza kitufe. Katika nyumba ya vyumba viwili si rahisi kumtengea kijana pa kusomea; lakini saa moja ya ukimya, kwa wote, yawezekana.

Mama yangu aliishia darasa la saba. Nilipokuwa Kidato cha Tatu, akili yangu ilikuwa kwenye muziki na marafiki. Jioni alikuwa akikaa mkekani karibu na taa, akichambua mchele, huku mimi nikisoma. Nikimaliza huniuliza nimesoma nini, nami humweleza. Kisha husali kwa ufupi sana, akishukuru kwa lile nililojifunza, akilitaja.

Siku moja nilimwambia nimesoma habari za mzunguko wa damu, na kitabu sikuwa nimekifungua. Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa moyo unaosukuma damu mwilini, na kwa mwana anayeyaelewa hayo. Akaenda kulala. Nami nikaiwasha taa upya.